Mwenyeji Aliyekatwa Bangoni

Kosa lenyewe lilikuwa la neno moja tu, na aliyelifanya ni mtu ambaye hajawahi kumsamehe mwenzake hata nukta. Pale ofisi ya utalii walimwita Koma, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mezani kwake ikatoka bila kuongezwa koma mbili tatu. Jina hilo nalo lilikuwa na vituko vyake. Mkuu wa ofisi akimhitaji hupaza sauti kutoka chumbani kwake, "Koma!" na mtu yeyote aliyeketi nje akisubiri huacha papo hapo alichokuwa akifanya. Bwana mmoja alikuwa akitafuna karanga. Akazirudisha zote mfukoni na kuomba radhi.

Kazi ya Koma ilikuwa kuandika vile vikaratasi vya kukunja mara tatu vinavyogawiwa kwenye maonyesho ya nchi za mbali, pamoja na mabango ya viwanja vya ndege, ili wasafiri waje kuzuru nyumba za ibada za kale. Ukidhani ni kazi ya mchezo, jaribu. Mkuu alikuwa na elimu yake kuhusu wasafiri, na akiianza humnyamazishi. "Wa upande ule wanataka historia," husema, akinyoosha kidole dirishani. "Wape miaka, wape na majina ya waashi. Wa upande ule mwingine wanataka utulivu, waambie hakuna kelele. Vijana wanataka mahali pa kupigia picha. Nyumba ni ileile, Koma, lakini kila mmoja mfungulie mlango wake." Wala hakuwa amekosea. Ila alikuwa mtu wa kutia chumvi. Ukimwambia weka kijiko, yeye anamwaga gunia.

Safari hii nyumba ya kutangazwa ilikuwa kile kikanisa cha mawe cha juu ya kilima, chenye ngazi tisini na mbili. Na mtunza funguo wa kikanisa hicho alikuwa Mama Mkubwa wake Koma, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

Mama Mkubwa na mumewe walikitunza kikanisa miaka thelathini na mmoja. Baba Mkubwa alikuwa fundi rangi, mtu wa sauti nene na mizaha isiyokwisha. Juu ya mlango alitundika ubao, akaandika kwa rangi ya buluu: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.* Basi kila mgeni alipomaliza ngazi, akihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, Baba Mkubwa alimpokea pale kizingitini kwa kupaza sauti, "Mgeni njooo!" Na Mama Mkubwa, popote alipo, awe anapangusa mabenchi au yuko uani anaanika vitambaa vya madhabahu, aliitikia, "Mwenyeji apone!" Wageni walicheka. Maneno hawakuyaelewa, lakini nani asiyejua kwamba amepokelewa? Mume alikuwa na nusu yake, mke ana nusu yake, na methali ikawa nzima kila siku ya Mungu.

Kisha Baba Mkubwa akafariki. Alikuwa akipanda na kopo la rangi asubuhi, akaketi kwenye ngazi ya themanini apumzike kidogo, hakuinuka tena. Tangu siku hiyo, mwaka na miezi miwili, hapakuwa na mtu wa kuita nusu ya kwanza, na Mama Mkubwa hakuwa na cha kuitikia. Ngazi ile ya themanini hakuikanyaga. Aliiruka, na magoti yake yale.

Aliendelea kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Vile vyumba viwili vya wageni vilivyo uani alivipiga kufuli. Chakula alikula amesimama, kijiko kwenye sufuria, mara tatu nne, basi. Nguo zikaanza kumning'inia. Kila Jumamosi Koma akienda humkuta amepungua tena, na akiuliza hujibiwa, "Sijambo mwanangu, usijisumbue." Daktari alimpima asione ugonjwa. Likija kundi la watalii, swali lake lilikuwa moja tu: "Wanaondoka saa ngapi?"

Koma aliona wazi kwamba mama yake huyu anakwisha polepole, na kwamba asipofanya kitu atamzika. Kumhamishia kwake mjini alishajaribu. "Na funguo nimwachie nani?" ndilo lilikuwa jibu. Ndipo alipomwomba Mkuu kikanisa kiingizwe kwenye matangazo ya mwaka ule. Sababu hakuisema, maana ungeisemaje ofisini? Ni kwamba hakujua dawa nyingine yoyote isipokuwa ile iliyoandikwa juu ya mlango. Alitaka kumletea Mama Mkubwa wageni.

Sasa mtazame binadamu. Kikaratasi alikiandika vizuri, neno kwa neno, mpaka Mkuu akakosa pa kutia chumvi. Kikabaki kichwa cha bango. Koma akaandika methali nzima. Mkuu akachukua rula, akapima, akatikisa kichwa.

"Methali tamu, lakini bango jembamba. Nafasi ni ya maneno matatu. Ukiweka manne, herufi zinakuwa sisimizi."

"Mkuu, methali haikatwi."

"Kila kitu kinakatwa, Koma. Hata kucha."

Mchapaji naye alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama saa. Koma akaitazama methali. Neno "mwenyeji" ndilo lililokuwa refu kupita yote, herufi nane, limejitandaza katikati kama mtu aliyelala benchi zima. Akalikata. Akapanga upya yaliyobaki: *Mgeni, njoo upone.* Akaweka koma yake, akaona imependeza.

"Hiyo!" Mkuu akapiga meza. "Hiyo ndiyo yenyewe!"

Mkalimani wa ofisi, ambaye wenzake walimwita Kamusi, mtu wa lugha tano na hata kuota huota kwa zamu, alilichukua akalitafsiri kwa lugha zote tano. Baada ya muda akachungulia mlangoni. "Koma, una hakika? Huku kwingine inakuwa kama tangazo la hospitali."

"Tafsiri kilichoandikwa," Koma akasema. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo nani aliikumbuka?

Mabango yalipotoka alichukua moja, akapanda nalo kilimani Jumamosi, furaha tele. Mama Mkubwa akavaa miwani, akalitandaza juu ya benchi. Picha ya mlango ilikuwa nzuri ajabu. Akasoma. Akarudia kusoma, safari hii kidole kikifuata maneno.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Mama?"

"Hapa. Yeye namwona. Hapa kwenye *njoo* ni yeye, namsikia kabisa. Mimi niko wapi?"

Hapo ndipo Koma alipoiona kazi aliyoifanya. Katika tangazo lililotungwa kwa ajili ya mwenyeji, amemtoa mwenyeji.

"Umenikata, mwanangu," Mama Mkubwa akasema. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Halafu umewaahidi watu uponyaji. Atawaponya nani? Mimi nina funguo tu." Akalikunja bango taratibu, akamrudishia, akaenda kufunga mlango wa kikanisa ilhali jua lingali juu.

Koma alizishuka ngazi zote tisini na mbili akijilaani moja baada ya moja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kwa Mkuu akiomba mabango yarudishwe.

"Yameshasafiri," Mkuu akasema, na kusema kweli naye alionyesha huruma. "Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu."

Miezi miwili ikapita. Siku moja Kamusi akaja na barua, akaisomea ofisi nzima kwa Kiswahili, akitafsiri papo hapo. Ilitoka kwa mzee mmoja wa mbali, mfamasia mstaafu. *Mke wangu amesahau karibu kila kitu,* aliandika, *pamoja na mimi. Tumeliona bango lenu. Tunaomba kukaa siku nane.* Tarehe ya kufika ilikuwa kesho kutwa. Barua ilichelewa njiani, watu wenyewe walikuwa tayari safarini. Kamusi alipomaliza kusoma, kila mtu alitafuta kitu cha kutazama mezani kwake.

Koma akaomba likizo ya siku kumi, akapanda kilima.

"Wanaondoka saa ngapi?" Mama Mkubwa akauliza.

"Baada ya siku nane, Mama."

Mama Mkubwa akaketi. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. "Utawaambia wewe," akasema. "Siku ya kwanza, kabla hawajavua viatu. Bango ni lako. Mimi nitawapikia na kuwatandikia, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Wakishaondoka nitakabidhi funguo. Nimechoka, mwanangu."

Koma alielewa maana yake. Funguo zile ndizo zilizokuwa zikimwinua Mama Mkubwa kitandani. Siku akizitoa mkononi, hatakuwa na sababu ya kuamka. Kwa hiyo bango alilolitunga ili amponye ndilo litakalommaliza. Alifungua vile vyumba viwili, akafagia, akaanika magodoro, machozi yanamtoka huku akisingizia vumbi.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Kamusi, aliyetumwa na ofisi awatafsirie siku zote nane, alitangulia na mikoba. Nyuma yake mzee mrefu, mwembamba, amemshika mkewe kiwiko kana kwamba amebeba kikombe kilichojaa. Bibi alikuwa mfupi, nywele nyeupe pe, sweta jekundu, na mkononi ameshika kile kikaratasi cha Koma, kimekunjwa na kukunjuliwa hadi kimelegea kama kitambaa. Alikuwa na tabia moja: maneno mawili ya mtu yakimpendeza, aliyarudia.

Kamusi, kwa kutaka kuwafurahisha, akasimama chini ya ubao wa buluu akausoma kwa sauti: "Mgeni njoo, mwen..."

"Mgeni njoo!" bibi akadakia, uso umemchangamka. "Mgeni njooo! Mgeni njooo!"

Ndani, Mama Mkubwa alikuwa ameshika kitambaa cha kupangusia. Mkono ukasimama juu ya benchi. Koma aliiona midomo yake ikitikisika, ikajiandaa kabisa, lakini sauti haikutoka. Mama Mkubwa akakitupa kitambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Koma akapiga moyo konde. Akawaketisha wageni kwenye benchi la nje. "Kamusi," akasema, "nitakachosema kitafsiri kama kilivyo. Usipambe." Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, Babu. Bango mliloliona ni kosa langu. Nililikata neno. Kwetu hatusemi kwamba mgeni atapona. Tunasema mgeni aje ili mwenye nyumba ndiye apone. Maana mgeni akija, nyumba inafagiliwa, chakula kinapikwa cha kutosha, na mwenyeji aliyekuwa amejikunyata peke yake naye anakula, anacheka. Ni hivyo tu. Mkeo hatapona hapa, Babu. Nisamehe."

Kamusi akatafsiri. Mzee akautazama ule mlango wa nyuma alikopotelea Mama Mkubwa.

"Kumbe mgonjwa ni mwenyeji," akasema.

"Ndiyo," Koma akajibu, na neno hilo ndilo lililombomoa. Akalia palepale, mbele ya wageni, bila hata kitambaa cha kujifutia.

"Mimi nimeuza dawa miaka arobaini," mzee akasema, polepole ili Kamusi amfuate. "Kinachotibu nakijua, na kisichotibu nakijua. Sikuja kwa sababu ya bango. Kikaratasi hiki yeye alikiokota mwenyewe kwenye meza ya watu wa safari, akakataa kukiachia. Alilala nacho. Kwa mwaka mzima mke wangu hajataka kitu chochote, hiki ndicho kitu cha kwanza alichokitaka. Nikamfuata." Akatazama viatu vyake. "Hapana, nasema uongo. Niliamini kidogo. Kama kijiko kimoja cha chai."

Kamusi aliyekatazwa kupamba alikohoa mara mbili kabla ya kuyatafsiri maneno hayo ya mwisho.

"Na sisi si wa imani hii," mzee akaongeza. "Tunaweza kubaki hata hivyo?"

Sauti ya Mama Mkubwa ikatoka nyuma ya ukuta, kumbe alikuwa akisikiliza muda wote. "Mwambie mlango haujamuuliza!"

Siku mbili za mwanzo Mama Mkubwa alipika, akaandaa, akaondoka. Lakini bibi naye alikuwa na msimamo wake. Alishika kijiko wima, akamtazama mwenye nyumba aliyesimama karibu na jiko, akagoma kula. Mzee akambembeleza, wapi! Kijiko wima, macho kwa Mama Mkubwa. Adabu ni kitu kinachokaa mahali pa ndani sana. Bibi alikuwa amesahau majina ya watoto wake, lakini hakusahau kwamba mgeni halishwi peke yake. Ikabidi Mama Mkubwa avute kiti, achote, akae. Alipotia tonge mdomoni, bibi naye akaanza kula. Ikawa hivyo mchana, ikawa hivyo jioni. Koma alihesabu matonge kwa kificho kama mama wa mtoto mchanga.

Siku ya tatu asubuhi bibi alipotelea uani. Wakamkuta kwenye kamba ya nguo, amevianua vitambaa vya madhabahu na anavikunja kimoja kimoja, mikono haitetemeki hata kidogo. Mzee akaeleza kwamba alikuwa mpiga pasi wa hoteli kubwa kwa miaka ishirini na sita. Mama Mkubwa akasimama mikono kiunoni, akatazama, kisha akaenda ndani akarudi na kapu zima la vitambaa, akalibwaga mbele ya bibi.

"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe."

Wakaketi pamoja. Mama Mkubwa akakunja cha kwanza mara nne. Bibi akakichukua, akakikunjua, akakikunja mara tatu, akakipapasa kwa kiganja. Mama Mkubwa akakirudisha kwenye nne. Bibi akakirudisha kwenye tatu.

"We bibi, hapa tunakunja mara nne!"

"Mara nne!" bibi akakubali kwa furaha, huku akikunja mara tatu.

"Nimesema nne!"

"Mara nne!" Tatu tena, na kofi dogo la kukilaza.

Koma alikuwa jikoni. Alisikia mlio fulani wa ajabu, akadhani mtu amepaliwa, akatoka mbio na kikombe cha maji. Alimkuta Mama Mkubwa ameinama, mkono kifuani, anacheka. Anacheka mpaka anafuta macho, mpaka kapu limepinduka. Bibi naye anacheka kwa kuwa mwenzake anacheka. Koma akakinywa kile kikombe cha maji yeye mwenyewe, maana alikihitaji.

Na kesho yake bibi alikuwa amesahau yote, isipokuwa yale maneno mawili ya ubaoni. Alitokea mlangoni akimtazama Mama Mkubwa kwa haya, kama mtu anayefika mahali mara ya kwanza maishani mwake. Mwingine angechoka. Mama Mkubwa alimpokea upya, akamwonyesha kapu upya, na ugomvi wa tatu na nne ukaanza upya, mkali uleule. Kila asubuhi ikawa hivyo. Mwaka mzima na zaidi mama huyu alikuwa hana mgeni moyoni, sasa amepata mmoja anayefika kila siku.

Mzee naye alikuwa na kazi yake ya asubuhi. Alijisogeza mbele ya mkewe, akainama kidogo, akajitambulisha kwa jina. Bibi humtazama juu hadi chini, kisha humpa mkono. "Amenikubali tena," mzee humwambia Kamusi, na husema hivyo kwa fahari ya bwana harusi.

Siku ya tano Mama Mkubwa aliongeza chakula bila kuombwa na mtu. Lakini la funguo hakulisema, na Koma aliogopa kuuliza. Kila usiku alilala na swali hilo kifuani.

Siku ya nane ikafika. Kama unangoja nikwambie kwamba bibi alipona, hakupona. Asubuhi hiyohiyo alimuuliza mumewe kwa upole, "Samahani, wewe ni mume wa nani?" Mzee akacheka, akatoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyofutwa.

Mama Mkubwa alimsaidia Kamusi kuteremsha mikoba hadi kwenye kituo cha katikati ya ngazi, kisha akaanza kupanda tena ili awaage wageni wake. Alipanda polepole, mkono kwenye ukuta. Bibi alikuwa amesimama kizingitini, chini ya ubao wa buluu, mahali palepale pa Baba Mkubwa. Akaona chini kule mtu mzima anapanda, anahema, amechoka. Mtu wa namna hiyo hufanywaje? Hupokelewa.

"Mgeni njooo!" bibi akapaza sauti, mikono yote miwili imefunguka.

Mama Mkubwa akasimama. Koma, aliyekuwa mlangoni nyuma ya bibi, alihesabu ngazi kutoka juu, kumi na mbili, na akajua pale Mama Mkubwa aliposimama ni wapi. Hakuiruka. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya ngazi ya themanini.

"Mgeni njooo!"

Mama Mkubwa akafungua mdomo. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tu. Kisha ikatoka sauti, imekwaruza, imepasuka katikati, lakini ni yake. "Mwenyeji apone!" Akarudia, safari hii kilima kizima kikasikia. "Mwenyeji apone!" Halafu akaketi palepale alipoketi mumewe, akamlilia. Hakuwahi kumlilia, siku ya mazishi alikuwa akihesabu viti vya waombolezaji.

Koma alitaka kukimbia. Mzee akamshika bega, akamzuia. Bibi ndiye aliyeshuka, ngazi kumi na mbili, moja moja. Akaketi karibu na Mama Mkubwa, akatoa kitambaa mfukoni mwa sweta, kimekunjwa mara tatu, akamfuta uso pande zote kama mtu anayefuta kioo cha nyumba anayoipenda. Hawakusema kitu. Wangesema kwa lugha gani?

Wageni waliondoka mchana ule. Mzee alipomuaga Koma alimshika mkono akasema, na Kamusi hakupamba, "Nakwenda na mke yuleyule niliyekuja naye. Lakini nimemwona akifanya kazi. Kijiko changu cha chai nimekipata."

Koma alirudi ofisini akiwa hana utani. "Maneno manne, Mkuu," akasema kabla hata ya salamu.

"Bango jembamba, Koma."

"Basi lipanuliwe."

Mkuu akaitazama rula, akamtazama Koma, akaiweka rula kwenye droo ya meza. Kuna siku mtu mzima huona kwamba hapa nikibisha nitaumia.

Jumamosi ya mwezi uliofuata Koma alipanda na bango jipya. Mama Mkubwa alikuwa ndani, anakunja vitambaa. Mara tatu. Funguo zilikuwa zimening'inia kiunoni mwake, na kiuno chenyewe kilikuwa kimeanza kuwa na kitu cha kuzishikia. Akavaa miwani, akalitandaza bango juu ya benchi, akafuata maneno kwa kidole.

"Huyu ni yeye," akasema, kidole kwenye *Mgeni njoo*. Kikasogea mpaka kwenye lile neno la herufi nane. "Na huyu ni mimi." Kisha akakirudisha nyuma kidogo, akagusa ile koma ndogo iliyokaa katikati yao wawili. "Na huyu hapa ni wewe. Miaka yote ile umekaa kati yetu, ukapata wapi akili ya kututenganisha?"

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe pale kwenye ngazi." Akalikunja bango, akapangusa benchi mahali lilipokuwa, akajishika kiuno. "Haya, futa machozi, kuna magodoro ya kuanika. Hao wageni wa kesho wanafika saa ngapi?"